Ufahamu na Ufupisho: Safari ya Kwenda Supai

Kifungu cha habari kinachohusu safari huonekana chepesi kuliko kifungu cha uchumi au cha afya, na ndiyo maana huwaponza watahiniwa wengi. Msomaji huifuata njia, hufurahia mandhari, kisha akifika kwenye maswali anakuta hakuna hata moja linalouliza kuhusu uzuri wa maporomoko ya maji. Maswali yanauliza nani alifanya nini, lini, na kwa sababu gani. Majibu yalikuwa katikati ya kifungu, palepale alipoanza kusoma kwa haraka.

Kifungu cha somo hili kinahusu Supai, kijiji kilichomo ndani ya korongo katika jimbo la Arizona, Marekani. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kalamu mkononi. Mara ya pili shika penseli, uweke alama kila unapokutana na mwaka, na kila unapokutana na maneno yanayounganisha sababu na matokeo: kwa kuwa, kwa hiyo, ndipo, hata hivyo, licha ya. Usianze na maswali. Wapo wanaofundisha kinyume, kwamba soma maswali kwanza ili uokoe muda. Kwa kifungu kifupi hilo halina ubaya. Kwa kifungu kirefu kama hiki, anayeanza na maswali huishia kuwinda maneno na kuipoteza hoja.

SOMA KIFUNGU KIFUATACHO

Njia ya Kwenda Supai

(1) Barabara ya lami inayoelekea Supai huishia mahali panapoitwa Hualapai Hilltop, kwenye ukingo wa korongo. Kwa takriban kilomita 100 za mwisho msafiri hakuti kituo cha mafuta wala duka. Kutoka hapo ukingoni kijiji kiko umbali wa kilomita 13 na chini kwa kiasi cha mita 600, na kuna namna tatu tu za kukifikia: kwa miguu, kwa mgongo wa mnyama, au kwa helikopta. Vyakula vya dukani na mizigo mingi ya posta hupelekwa chini kwa misafara ya nyumbu. Katika nchi iliyopeleka watu mwezini, Supai hutajwa kuwa mahali pa mwisho ambapo barua bado hufika kwa kwato.

(2) Anayetembea kwa miguu huondoka kabla ya mapambazuko. Wakati wa majira ya joto hewa ndani ya korongo huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi, na njiani hakuna maji mpaka unapokaribia kijiji. Sehemu ya kwanza ya njia huteremka kwa kupindapinda kwenye uso wa jabali. Baadaye njia hutulia na kufuata mkondo mkavu wa mto, katikati ya kuta za mawe mekundu. Msafiri akisikia kwato nyuma yake husogea upande wa mwamba, kamwe si upande wa bonde, na kusubiri hadi mnyama wa mwisho apite.

(3) Kisha, ghafla, kuna miti ya kijani na sauti ya maji. Chemchemi hububujika juu kidogo ya kijiji na kuzaa kijito cha rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Rangi hiyo inatokana na madini ya chokaa ambayo maji yameyayeyusha yakiwa chini ya ardhi, ndani ya miamba. Maji yakitoka nje chokaa hujitenga tena, ikaganda juu ya mawe, majani na mizizi, kama ule ukoko mweupe unaojijenga ndani ya birika la chai. Kwa namna hiyo kijito hujijengea kuta na mabwawa yake chenyewe. Chini ya kijiji kuna maporomoko kadhaa. Yale ya Havasu yana urefu wa takriban mita 30, na yale ya Mooney yanakaribia mita 60. Wenyeji hujiita Havasu 'Baaja, yaani watu wa maji ya samawati-kijani. Wageni wamelifupisha jina hilo kuwa Wahavasupai.

(4) Mgeni anayeshuka leo hudhani kwamba watu hawa wameishi chini ya korongo siku zote. Sivyo. Kwa karne nyingi maisha yao yalifuata majira mawili. Wakati wa joto walikuwa korongoni, wakilima mahindi, maharage na maboga kwa kumwagilia maji ya kijito. Mavuno yakisha kuhifadhiwa, walipanda kwenye uwanda wa juu, wakakaa huko majira yote ya baridi wakiwinda, wakikusanya vyakula vya porini na kupata kuni kwa wingi. Korongo lilikuwa nusu ya makazi yao.

(5) Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafugaji wa ng'ombe, watafuta madini na wajenzi wa reli waliingia Arizona. Mwaka 1880 serikali ya Marekani iliwatengea Wahavasupai eneo dogo. Mwaka 1882 ililipunguza zaidi, likabaki ekari 518, sawa na viwanja vya mpira wapatao 300, vyote vikiwa chini ya korongo. Uwanda wa juu ukawa mali ya umma, wazi kwa wafugaji na wachimbaji. Mwaka 1919 Grand Canyon, korongo kuu ambalo korongo la Supai ni tawi lake, lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na vikwazo vikaongezeka. Kulikuwa na bustani ya chemchemi ambayo baadhi ya familia za Wahavasupai walikuwa wakiilima, kwenye njia ambayo sasa hupitwa na maelfu ya watalii. Mkazi wa mwisho aliondolewa hapo mwaka 1928. Kwa hiyo watu waliozoea kuhama kwa majira walijikuta wakikaa chini mwaka mzima, katika bonde jembamba ambalo jua la majira ya baridi hulifikia kwa saa chache tu.

(6) Wahavasupai waliidai ardhi yao kwa miongo mingi. Madai hayo yalipofika kwenye Bunge la Marekani katika miaka ya 1970, upinzani mkubwa haukutoka kwa wafugaji peke yao. Baadhi ya mashirika ya kutetea mazingira yalipinga pia, yakihofu kwamba ardhi ikitolewa katika hifadhi itajengwa mahoteli na barabara. Wahavasupai walijibu kwamba waliishi hapo kabla ya hifadhi kuwapo, na kwamba waliyaacha mazingira yakiwa mazuri kiasi cha kustahili kuhifadhiwa. Mwezi Januari 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyowarudishia takriban ekari 185,000 za uwanda wa juu. Hata hivyo sheria iliambatana na masharti: ardhi hiyo isitumike kwa uchimbaji wa madini wala uvunaji wa mbao wa kibiashara, na biashara zitakazoruhusiwa ziwe ndogo, za kabila lenyewe.

(7) Leo utalii ndio chanzo kikuu cha mapato ya Supai. Baraza la kabila ndilo linalotoa vibali, na wenyeji ndio wanaosimamia nyumba ya wageni, uwanja wa kambi na wanyama wa mizigo. Mgeni haruhusiwi kwenda na kurudi siku hiyohiyo, sharti alale. Pombe ni marufuku. Mapato hayo yana hatari zake. Agosti 2008 mafuriko yalibadilisha mkondo wa kijito, maporomoko ya zamani ya Navajo yakakauka na mengine mapya yakazaliwa, na mamia ya watu waliondolewa kwa helikopta. Machi 2020 kabila lilifunga milango yake kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na halikuwapokea watalii tena mpaka Februari 2023.

(8) Hofu kubwa ya wazee kwa sasa iko mbali na maporomoko. Kusini mwa korongo kuu, juu ya uwanda, kuna mgodi wa urani. Kwa kuwa chemchemi za Supai hulishwa na maji yanayosafiri chini ya uwanda huo, Wahavasupai wanasema sumu ikiingia kwenye maji hayo hawatakuwa na kijito kingine cha kuhamia. Mwaka 2012 serikali ilisimamisha maombi mapya ya uchimbaji kwa miaka 20 katika eneo la takriban ekari milioni 1, na Agosti 2023 Rais Joe Biden alilitangaza eneo la karibu na hapo kuwa kumbukumbu ya taifa. Mgodi uliokuwa na haki ya kuchimba tangu zamani haukuguswa na hatua hizo.

MSAMIATI UNAOTEGA

Kifungu hiki kina maneno matatu ambayo mtahiniwa anaweza kuyapita akidhani anayajua.

La kwanza ni korongo. Kiswahili kina korongo wawili. Mmoja ni ndege mwenye miguu mirefu, na mwingine ni bonde jembamba lenye kuta za mwinuko mkali, kama Korongo la Olduvai. Ukiulizwa utoe maana kama ilivyotumika, upatanisho wa kisarufi utakuokoa: ndege ni kiumbe hai, kwa hiyo korongo huyu ameruka, bonde liko katika ngeli ya LI-YA, kwa hiyo korongo hili limechimbika. Tazama aya ya 5: "lilitangazwa". Hapo ndege ameshatoka.

La pili ni nyumbu, nalo ni gumu zaidi kwa sababu upatanisho haukusaidii. Nyumbu ni yule mnyama wa Serengeti anayehama kwa makundi makubwa. Nyumbu pia ni mnyama wa mizigo, mtoto wa punda dume na farasi jike, ambaye wengine humwita baghala. Wote wawili ni hai, wote wana kwato, na wote watasema "nyumbu huyu". Kinachobaki ni muktadha. Katika aya ya 1 nyumbu anabeba barua na vyakula vya duka, kazi ambayo wa Serengeti hajawahi kuikubali. Jibu linaloishia kwenye "nyumbu ni mnyama" halina thamani kwa kuwa halijachagua.

La tatu ni wenyeji, na hili ndilo ningependa ulitafakari zaidi. Mwenyeji ni mzaliwa au mkazi wa mahali. Mwenyeji pia ni anayempokea mgeni. Katika aya ya 3 neno hili lina maana ya kwanza. Katika aya ya 7 lina zote mbili kwa pamoja: wanaosimamia nyumba ya wageni ni wazaliwa wa pale na ndio wanaopokea. Swali likisema "eleza maana mbili za neno wenyeji kama lilivyotumika katika kifungu", sasa unajua aya za kuelekea.

MASWALI NA NJIA YA KUYAJIBU

Swali la 1. Eleza maana ya maneno "barua bado hufika kwa kwato" kama yalivyotumika katika aya ya 1.

Kosa la kawaida hapa ni kueleza kwato ni nini. Swali linahusu sentensi nzima. Jibu: barua hupelekwa Supai na wanyama wa mizigo, kwa kuwa hakuna barabara ya gari. Sehemu ya mwili wa mnyama imetumika kusimama badala ya mnyama mzima. Ukiandika na sababu, jibu linakamilika. Ukiandika "zinabebwa na nyumbu" peke yake, umejibu nusu.

Swali la 2. Kwa mujibu wa kifungu, ni mambo gani yaliyowafanya Wahavasupai waishi korongoni mwaka mzima?

Swali hili ndilo kiini cha kifungu, kwa hiyo tukae nalo. Soma kwanza jibu hili la mfano, la aina inayoandikwa mara nyingi:

"Wahavasupai wanaishi korongoni mwaka mzima kwa sababu wanapenda mila zao, hawataki maendeleo, na pia kuna maji mazuri na maporomoko yanayovutia watalii."

Sentensi ni safi, sarufi haina kasoro. Lakini hebu rudi kwenye kifungu utafute mahali panaposema hawataki maendeleo. Hapapo. Tafuta panaposema wanakaa chini kwa ajili ya mila. Hapapo pia, aya ya 4 inasema kinyume chake, kwamba mila yao ilikuwa kupanda juu kila majira ya baridi. Mtahiniwa huyu alisoma aya ya 1, akaona kijiji kisicho na barabara, akachota kichwani mwake picha ya watu wa mbali ambayo alikuwa nayo kabla ya kufungua karatasi. Alijibu kutoka kwenye picha hiyo. Maporomoko ni ya kweli, yamo katika aya ya 3, ila hayajibu swali: maji yaliwavuta wakati wa kilimo tu, na yalikuwapo hata enzi walipokuwa wakihama.

Sasa fuata alama za penseli yako. Miaka minne imejipanga katika aya ya 5: 1880, 1882, 1919, 1928. Baada yake kuna neno "kwa hiyo". Mwandishi akikuwekea miaka kisha akaandika kwa hiyo, amekuandalia jibu mezani:

Mambo yaliyowafanya Wahavasupai waishi korongoni mwaka mzima ni uamuzi wa serikali wa mwaka 1882 wa kupunguza eneo lao hadi ekari 518 zilizokuwa chini ya korongo. Kugeuzwa kwa uwanda wa juu kuwa mali ya umma iliyo wazi kwa wafugaji na wachimbaji. Na kuanzishwa kwa hifadhi ya taifa mwaka 1919, ambako kuliongeza vikwazo hadi kufikia kuondolewa kwa mkazi wa mwisho katika bustani ya chemchemi mwaka 1928.

Linganisha majibu haya mawili na uone jinsi yanavyowagawia watu lawama. Katika la kwanza, Wahavasupai wamejitenga wenyewe. Katika la pili, kuna serikali, kuna sheria na kuna tarehe. Korongo halikuongezeka kina kati ya mwaka 1880 na 1928. Kilichobadilika ni ruhusa ya kupanda juu. Mtahiniwa aliyeliona hilo ataweza kujibu swali lolote litakaloulizwa kuhusu aya ya 6.

Na hapa pana onyo kwa mtahiniwa mwenye kumbukumbu nzuri. Huenda kifungu hiki kikakukumbusha Ngorongoro, eneo lililoanzishwa mwaka 1959 baada ya wafugaji kuhamishwa kutoka Serengeti. Ulinganisho huo una maana, na kwenye insha ya hoja unaweza kukupa aya nzuri. Kwenye ufahamu usiuandike. Maneno "kwa mujibu wa kifungu" ni uzio. Kilicho nje yake, hata kiwe kweli tupu, hakihesabiwi.

Swali la 3. Onesha hoja ya mashirika ya mazingira na hoja ya Wahavasupai kuhusu kurudishwa kwa ardhi.

Swali lina pande mbili, jibu liwe na pande mbili. Mashirika yalihofu kwamba ardhi ikitoka katika hifadhi itajengwa mahoteli na barabara. Wahavasupai walisema waliishi hapo kabla ya hifadhi, na kwamba utunzaji wao ndio ulioyaacha mazingira yakiwa bora. Angalia usiandike "mashirika yote". Kifungu kimesema "baadhi", na mtunga maswali huliweka neno hilo kwa makusudi.

Swali la 4. Je, sheria ya mwaka 1975 iliwapa Wahavasupai uhuru kamili juu ya ardhi yao? Thibitisha.

Hapana. Wanafunzi huliona neno "iliwarudishia" wakafunga kitabu. Sentensi inayofuata inaanza na "hata hivyo", na jibu limo humo: uchimbaji wa madini na uvunaji wa mbao wa kibiashara ulikatazwa, na biashara zikawekewa mipaka. Anza na hapana, kisha toa uthibitisho. Jibu la "hapana" bila ushahidi linaweza kupatikana kwa kurusha sarafu.

Swali la 5. Pendekeza kichwa kingine kinachofaa kwa kifungu hiki.

Kichwa kiwe kifupi na kibebe wazo kuu. "Maporomoko Mazuri ya Havasu" kinabeba aya moja kati ya nane. "Historia ya Marekani" ni kipana mno. "Wahavasupai na Ardhi Yao" kinafaa, na "Supai: Kijiji Kilichofungiwa Korongoni" pia kinafaa.

UFUPISHO

Fupisha aya ya 4 hadi ya 6 kwa maneno yasiyozidi 70.

Kwenye ufupisho kazi ngumu ni kuacha. Aya hizi tatu zina mambo yanayovutia ambayo lazima yatoke: viwanja vya mpira ni ulinganisho tu, mahindi na maboga ni mifano ya kilimo, bustani ya chemchemi ni mfano wa vikwazo. Toa mifano, bakiza kinachofafanuliwa. Miaka ya 1882 na 1975 ibaki, kwa sababu bila hiyo habari haina mwendo. Usinukuu sentensi nzima za kifungu. Ziunde upya kwa maneno yako, huku majina na takwimu zikibaki kama zilivyo.

Jibu la mfano:

Zamani Wahavasupai waliishi korongoni majira ya joto wakilima, na uwandani majira ya baridi wakiwinda. Mwaka 1882 serikali iliwabakizia ekari 518 korongoni, na hifadhi ya taifa ya mwaka 1919 ikawazidishia vikwazo. Waliidai ardhi yao kwa miongo mingi. Mwaka 1975, licha ya upinzani wa baadhi ya watetezi wa mazingira, walirudishiwa ekari 185,000 kwa masharti ya kutozitumia kwa uchimbaji madini au biashara kubwa.

Hayo ni maneno 60, tarakimu zikihesabiwa kama maneno. Yamebaki kumi ya akiba, na hakuna sharti la kuyatumia. Wanaojaza nafasi hurudisha mahindi na maboga.

ZOEZI LA KUFANYA MWENYEWE

1. Kwa mujibu wa aya ya 3, eleza kwa nini kijito cha Supai kina rangi ya samawati-kijani, na jinsi mabwawa yake yanavyojengeka.

2. Katika aya ya 2, kwa nini msafiri husogea upande wa mwamba anaposikia kwato? Kifungu hakijatoa sababu moja kwa moja. Itoe kutokana na maelezo ya njia.

3. Taja mambo mawili yaliyowahi kukatiza mapato ya utalii au kuyaweka hatarini.

4. "Hawatakuwa na kijito kingine cha kuhamia" (aya ya 8). Husisha maneno haya na yaliyotokea katika aya ya 5.

5. Kuna methali mbili: "Mgeni njoo, mwenyeji apone" na "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Ni ipi inayoafikiana zaidi na aya ya 7? Tetea uchaguzi wako kwa hoja mbili kutoka katika kifungu.

6. Fupisha aya ya 7 na ya 8 kwa maneno yasiyozidi 50. Hesabu maneno yako na uandike idadi yake kwenye mabano mwishoni.